Maombi 34, kisha 19: Nilivyotumia PASS na Match kutafuta ubingwa wa meno ya watoto Marekani

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Mwanza, daktari wa meno aliyemaliza intanishipu mwaka jana, alinipigia simu WhatsApp. Kwake ilikuwa saa saba usiku. Hakuzunguka: "Shikamoo dada. Nataka kusomea ubingwa wa meno ya watoto huko Marekani. Niombe programu ngapi?" Programu ni mafunzo ya ubingwa yanayotolewa na chuo au hospitali.

Nilimwitikia marahaba, halafu nikanyamaza kidogo. Swali hilo nimewahi kujiuliza mimi, nikalijibu vibaya, na jibu lile lilinilia mwaka mzima pamoja na akiba tuliyoweka mimi na mume wangu. Nikamwambia anipe muda niandike. PASS, mfumo wa kutuma maombi, na Match, mfumo wa kuwaunganisha waombaji na programu, nimezitumia misimu miwili mfululizo, na ushauri mwingi unaozagaa kuhusu idadi ya maombi umeandikwa kwa ajili ya vijana waliosomea meno hapa hapa Marekani. Sisi tuliotokea Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hesabu yetu ni nyingine kabisa.

Nianze na huduma zenyewe kwa ufupi. PASS ni mfumo wa maombi wa ADEA, jumuiya ya vyuo vya udaktari wa meno ya Marekani. Hufunguliwa mwezi Mei kila mwaka. Unajaza fomu moja, unaweka matokeo yako, maelezo yako binafsi, barua za waliokufundisha au kukusimamia kazini, na fomu ya tathmini ya mkuu wa chuo chako. Ukishamaliza, unachagua programu unazozitaka na mzigo ule ule unakwenda kote. Aliyesomea nje anaongeza ripoti ya ulinganisho wa masomo. Mimi nilitumia ECE, wale wa Milwaukee, ambao huchukua transkripti yako somo kwa somo na kuitafsiri kwa kipimo cha Marekani. Ombi la kwanza lina ada kubwa, kila linaloongezwa lina ada ndogo. Hapo ndipo watu wanapopotea. Ukishalipa la kwanza, la pili linaonekana rahisi, la kumi rahisi zaidi, na mkono unaendelea kubofya. Kumbuka pia kwamba programu nyingi zina ada yao ya ziada wanayokutoza wenyewe, nje ya PASS.

Kwa kazi iliyopewa, PASS ni mfumo mzuri. Ukurasa wake unakuonyesha barua ipi imefika na ipi bado, na kwa mtu ambaye mdhamini wake yuko Tanga na umeme unakatika, kuona neno "imepokelewa" kunampa usingizi. Ila PASS haiwezi kukuchagulia pa kuomba.

Msimu wa kwanza niliomba programu 34. Nilikuwa Minnesota kwa mwaka na nusu, nafanya kazi kama msaidizi katika kliniki ya meno: natayarisha vyombo, nanyonya mate kwa mashine, naita majina ya wagonjwa. Miaka minne kabla ya hapo nilikuwa daktari Tanga, nang'oa na kuziba mwenyewe. Nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye kiti changu. Nikampata mtandaoni mshauri mmoja wa kulipwa, akanisikiliza saa mbili, akaniambia: "Wewe umesomea nje, usiombe chini ya 30. Kila unapoongeza moja unaongeza bahati." Nilimwamini. Alinipa orodha iliyopangwa kwa alfabeti, nami nikaifuata kama mgonjwa anavyofuata dozi.

Ada za PASS, ada za ziada za programu, ripoti ya ECE na gharama za bahasha zilipita dola 4,000, na mahojiano hayajaanza. Bahasha nazo zina kisa chao. Kampuni moja ya kusafirisha vifurushi ilipoteza transkripti yangu iliyofungwa kwa muhuri, na kama si karani mmoja wa ofisi ya mitihani aliyenitengenezea nyingine bila kunisumbua, msimu ungeniacha. Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia aanze kufuatilia karatasi Januari, asisubiri Mei.

Kati ya programu 34 niliitwa na mbili. Moja ilinihoji dakika 20 kwa video. Ya pili ilikuwa nzuri, lakini iko mji ambao mume wangu asingepata kazi yake, na nilijua hivyo tangu siku niliyoibofya. Januari majibu yalikuja: sikupata nafasi.

Sikulala vizuri wiki ile. Jumamosi moja asubuhi, watoto wakitazama katuni, nilichukua kaunta buku niliyokuja nayo kutoka nyumbani, ile ya kwaya mbili yenye jalada gumu, nikapiga mistari kwa rula. Nikaandika majina yote 34, nikaanza kufungua tovuti ya kila programu na kusoma ukurasa wa masharti mpaka chini, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kutoa hata senti moja. Kalamu nyekundu niliitumia kwa programu zilizoandika wazi kwamba zinapokea waliohitimu vyuo vilivyoidhinishwa Marekani au Kanada tu. Zilifika 13. Kumi na tatu, kwa maandishi, kwenye ukurasa ambao mtu yeyote angeweza kuusoma. Kalamu ya bluu niliitumia kwa zile zinazopokea wa nje lakini zinataka kitu ambacho sikuwa nacho: nyingine alama za ADAT, ule mtihani wa kuombea ubingwa wa meno ulioanza 2016, nyingine leseni ya muda ya jimbo ambayo mtu mwenye shahada ya nje hapewi, nyingine mwaka mmoja wa GPR au AEGD, yaani mafunzo ya jumla ya hospitali au kliniki, yaliyofanyika hapa Marekani. Hizo zilikuwa sita. Zikabaki 15.

Kwa hiyo mimi sikuwahi kuomba programu 34. Niliomba 15, na nyingine 19 nilizilipia ada bure. Mume wangu alikuja na kikombe cha chai, akaitazama ile kaunta buku yenye wekundu mwingi, akaketi kando yangu bila kusema neno. Nilishukuru kwamba hakusema.

Hapa niseme jambo kuhusu hao wenzetu waliosomea hapa, maana na wao wanaomba nyingi. Zamani mitihani ya bodi, ile ya kuelekea leseni, ilikuwa na alama, na programu zilikupima kwa namba. Sehemu ya kwanza ya bodi iliacha kutoa alama 2012, ikabaki kufaulu au kufeli, na INBDE, mtihani mpya wa bodi ulioanza Agosti 2020 kuchukua nafasi ya mitihani yote miwili ya zamani nao hauna alama. Ukiondoa namba, kila mtu anakosa kujua yuko wapi kwenye foleni, na asiyejua nafasi yake huomba kila mahali. Naielewa hofu hiyo. Lakini kijana wa hapa akiomba programu 25, zote 25 zina uwezo wa kumchukua. Wewe wa nje ukiiga namba yake, huigi nafasi yake.

Msimu wa pili niliianza kazi mwezi Februari kwa simu. Simu halisi, si barua pepe tu, maana barua pepe hujibiwa kwa sentensi iliyokwisha andikwa. Kila mapumziko ya mchana nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kliniki, hita imewashwa, kaunta buku juu ya usukani, nikampigia mratibu mmoja au wawili. Nilikuwa na maswali matatu na sikuyabadilisha. Mnapokea aliyehitimu nje ya Marekani na Kanada? Katika madarasa yenu ya miaka mitatu iliyopita yupo hata mmoja wa namna hiyo? Na jimbo lenu linampa kibali cha kutibu akiwa mafunzoni bila kipingamizi?

Swali la pili ndilo lililonifaa kuliko yote. Programu inaweza kuandika "tunapokea" na isiwe imempokea yeyote kwa miaka. Mratibu mmoja, mama mwenye sauti ya upole, aliniambia waziwazi: "Mpendwa, sera inaruhusu, lakini sijawahi kuona." Nikamshukuru kwa dhati na kuchora mstari. Mwingine alinitajia watu wawili, mmoja wa Misri na mmoja wa India, akanipa na ruhusa ya kuwaandikia kupitia yeye. Programu hiyo niliiwekea nyota.

Baada ya swali la uwezekano likaja swali la maisha. Ubingwa wa meno ya watoto ni miezi 24 kwa uchache. Programu zilizo chini ya hospitali mara nyingi hulipa posho ya mwezi. Baadhi ya zile za vyuo hutoza karo. Tofauti ya hizo mbili kwa familia yenye watoto wawili ni kubwa kuliko tofauti ya majina yao, hata kama jina moja linatajwa na kila mtu na jingine halijulikani nje ya mji wake. Nikaweka safu ya posho, safu ya karo, safu ya kazi ya mume, na safu ya mwisho niliyoiandika "ningekwenda?" Katika safu hiyo sikuruhusu neno "labda". Zikabaki programu 19, zikiwemo ambazo hazikuwa katika zile 15.

Namba hiyo sikuitafuta. Ilitoka yenyewe baada ya kuchuja, na nadhani hapo ndipo penye jibu la yule kijana wa Mwanza: idadi huipangi mwanzoni, unaikuta mwishoni. Kama kuchuja kungeniachia programu nane, nisingeridhika. Ningerudi kutafuta njia ya kufungua milango zaidi, kwa kufanya ADAT au kuomba mwaka wa GPR kwanza. Nimemwona mwenzangu mmoja, mtu hodari kuliko mimi kwa mikono, akiomba tano tu kwa sababu alizipenda sana, na akakosa zote. Kwa aliyesomea nje, mimi kwa maoni yangu naona programu 15 hadi 20 ambazo kila moja imethibitishwa kwa simu ni kiasi cha haki. Zaidi ya hapo unaanza kuandika barua zisizo na roho, na wasomaji wa barua hizo wanazitambua.

Niliyo nayo ni kuhusu meno ya watoto. Anayetaka upasuaji wa kinywa na taya ana mtihani wake wa sayansi za msingi za tiba, CBSE, na lazima achague kati ya programu za miaka minne na za miaka sita zinazotoa pia shahada ya udaktari wa binadamu. Wa kupanga meno wanafuata kalenda ya mapema zaidi, majibu yao ya Match hutoka Desemba. Hao waulize waliopita huko.

Sasa Match, ambayo watu wengi wa kwetu wanaiogopa kwa sababu hawaielewi. Inaendeshwa na kampuni iitwayo National Matching Services, ya Toronto. Baada ya mahojiano, wewe unapanga programu zilizokuhoji kwa jinsi unavyozipenda, nazo zinawapanga waombaji, na hakuna anayeona orodha ya mwenzake. Kompyuta inaunganisha. Matokeo yakitoka mmefungana: wewe unakwenda, nao wanakuchukua.

Namna inavyounganisha nitaieleza kwa posa, na sijitungii tu, kwa sababu David Gale na Lloyd Shapley walipoandika hesabu hii mwaka 1962 walitumia mfano wa ndoa. Chukua vijana wote wa mtaa wanapeleka posa siku moja. Kila mmoja anamtuma mshenga kwanza kwenye nyumba anayoitaka kuliko zote. Nyumba inaipokea barua lakini haitoi neno la mwisho. Akija mshenga wa kijana wanayempenda zaidi, barua ya yule wa kwanza inarudishwa, na mshenga wake anakwenda nyumba ya pili katika orodha. Huko hawamwambii "umechelewa, tumeshapokea wengine." Anapimwa sawasawa na waliotangulia, na kama anapendwa kuliko wao, anaingia na mwingine anatoka. Hivyo hivyo mpaka washenga wote watulie. Ndipo ndoa zinafungwa.

Ukishaielewa hiyo, unaona kwamba hupotezi chochote kwa kuanza na unayoitaka kwa moyo, hata ukidhani hawatakutaka. Wapo wanaopanga kwa kubahatisha, wanaiweka juu programu iliyowachekea, eti kujihami. Hesabu haiwapi faida yoyote kwa hilo, ila huwanyima walichokitaka. Shapley alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Alvin Roth, aliyezipeleka hesabu hizi kwenye kazi za kweli kama kuwapanga madaktari hospitalini. Gale alikuwa amekwisha kufariki. Mimi si mtu wa hesabu, lakini kwa mgeni asiye na mjomba wala jina la chuo linalojulikana, mfumo ambao hausikilizi simu ya mkubwa yeyote ni heshima. Match naipa alama zote.

Na uhusiano wake na idadi ya maombi ni huu: mwisho wa yote unaweza kuorodhesha wale tu waliokuhoji, na kwa kuwa matokeo yanakufunga, unapaswa kuorodhesha pale tu ambapo ungehamia kweli. Kwa hiyo programu ambayo usingeweza kuiorodhesha Januari haina sababu ya kulipiwa Mei. Ile ya msimu wa kwanza iliyonihoji vizuri kwenye mji usio na kazi ya mume wangu niliiorodhesha kwa mkono unaotetemeka, na usiku ule niliomba Mungu mambo mawili yanayopingana.

Msimu wa pili kati ya 19 nilihojiwa na tano, mbili kwa kusafiri na tatu kwa video. Muda wa kujiandaa niliupata kwa sababu programu zilikuwa chache. Majina ya walimu wote niliyajua, na kliniki zao za vijijini pia. Katika moja ya hizo za kusafiri, mkuu wa programu alikuwa na maelezo yangu mezani yamepigiwa mstari sehemu moja. Nilikuwa nimeandika kuhusu meno ya nailoni. Ninyi mnaosoma mnajua: mtoto wa miezi michache anahara na homa haishuki, bibi anaambiwa kwenye ufizi kuna "meno ya plastiki" yanayomuua, mtoto anapelekwa kwa mtu anayechimbua meno hayo kwa ncha ya kitu kisichochemshwa. Kinachotolewa ni mbegu za meno ya utoto. Tanga nilimpokea mtoto wa miaka sita asiye na chonge hata moja za chini, na jino la ukubwani likichungulia limepinda na kubonyea.

Mkuu yule aliniuliza, "Mama yake ulimwambia nini?" Nikamweleza kwamba sikumgombeza. Nilimpa kioo, nikamwonyesha mahali chonge zilipaswa kuwa, nikamuuliza kama ana mtoto mwingine mdogo nyumbani. Alikuwa naye, wa miezi minne. Tukazungumza juu ya maji yenye chumvi na sukari, na juu ya kumleta kwangu kabla ya kumpeleka kwingine. Mkuu akaandika kitu, akafunga faili, akanitembeza mwenyewe mpaka chumba cha watoto ambako kuna samaki waliochorwa darini ili mtoto aliyelala kwenye kiti awatazame.

Niliorodhesha nne, ya tano niliiacha. Ile yenye samaki niliiweka ya kwanza. Programu niliyoiweka ya pili ndiyo niliyopata. Nimeanza Julai, posho inaingia, na asubuhi nawatibu watoto kwa mikono yangu mwenyewe.

Gharama za msimu wa pili, pamoja na tiketi na hoteli, zilizidi kidogo nusu ya zile za kwanza. Sehemu kubwa iliyookolewa ni zile ada za milango iliyofungwa.

Jana usiku yule kijana amenitumia picha ya daftari lake. Ameanza na programu 41. Amechora mistari myekundu kwenye 18, na saba amezungushia bluu. Kwenye 16 zilizobaki, waratibu 11 wameshamjibu, watatu watamjibu baada ya wikiendi, na wawili hawapokei simu. Ameniuliza, "Dada, hao wawili niwafute?" Nimemwambia awapigie tena Jumanne saa nne asubuhi kwa saa zao, na atangulize salamu.